Ufa wa Sebuleni na Matetemeko Yasiyo na Haraka

Hadi Januari mwaka huu, ukutani kwetu sebuleni hapa Umoja, Nairobi, karibu na dirisha, kulikuwa na nukta mbili za penseli. Moja kushoto kwa ufa, nyingine kulia. Chini yake kulikuwa na safu ya tarehe na namba za herufi ndogo, kama daftari la mwenye duka anayekopesha mtaa mzima: 14 Februari, 43. 9 Mei, 41. 20 Septemba, 43. 3 Desemba, 41 na nusu. Hizo ni milimita, kutoka nukta hadi nukta. Mke wangu alishatangaza kwamba mgeni akiuliza, yeye hahusiki.

Mimi ni mpima ardhi. Kutwa niko kwenye ploti za watu, Ruai au Kitengela, tripodi imekitwa kwenye nyasi, natafuta bikoni, ile alama ya mpaka, ambayo mwenye ploti anaapa ilikuwa hapa hapa na jirani yake anaapa ilikuwa hatua tatu kule. Mara ngapi nimeambiwa bikoni ilitembea yenyewe usiku! Huwa sibishani. Natoa risiva ya setilaiti, nasubiri namba zitulie, na namba zenyewe ndizo zinazosema ni nani aliyetembea na jembe.

Kwa hiyo ufa ulipojitokeza nyumbani kwangu mwenyewe, sikuweza kuutazama tu. Mwenye nyumba alikuja, akautomasa kwa kidole, akanipa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, halafu akaenda zake bila kuziba. Nikachukua penseli. Mwaka ulipozunguka nikaona mchezo wenyewe: jua likiwaka ufa unapanuka, masika yakishika unajifunga. Ni udongo. Sehemu kubwa ya Eastlands imejengwa juu ya ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba, na ukikauka unanywea. Jengo zima la gorofa nne linapanda na kushuka kila msimu, na hakuna mpangaji aliyewahi kusikia hata mlio. Hakuna kikombe kilichoanguka.

Ufa huo ndio ulionitia katika kusoma habari za matetemeko polepole, na tangu hapo sijatoka.

Tetemeko tulizoea ni la kishindo. Miamba miwili imegandana kwenye ufa mkubwa ardhini, inasukumwa miaka na miaka bila kuachana, hadi siku inafyatuka. Mpasuko unakimbia kilomita mbili, tatu kwa sekunde. Hata tetemeko la ukubwa wa 7 huwa limemaliza kazi yake huko chini kwa sekunde 20 hivi, ingawa sisi wa juu tutayumba kwa muda zaidi. Tetemeko polepole ni kazi ileile, miamba ileile ikiteleza upande uleule, ila inachukua siku, wiki, pengine miezi. Mtu aliye juu yake anapika, analala, anaamka, anakwenda kazini. Hana habari.

Na waliolionyesha kwa namba za wazi walikuwa watu wa vifaa kama vyangu. Pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia kisiwa cha Vancouver huko Kanada hadi kaskazini mwa California, bamba la Juan de Fuca, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea, linazama chini ya bamba la bara. Kanda la namna hiyo naliita kanda la mzamo, na hilo la huko linaitwa Cascadia. Kuna vituo vya GPS vimekitwa kwenye mwamba, havigusiki, vinapima mahali pake kila siku ya Mungu. Kwa kawaida vituo hivyo husukumwa kuelekea bara, milimita chache kwa mwaka, kwa sababu bamba linalozama limeling'ang'ania la juu na linakwenda nalo. Basi kiangazi cha 1999 vituo saba viligeuza njia. Vikarudi upande wa baharini kwa milimita mbili hadi nne, kisha vikaendelea na safari yake ya zamani kana kwamba hakikutokea kitu. Hakukuwa na tetemeko lolote la kueleza jambo hilo. Mwaka 2001 mwanasayansi wa Kanada Herb Dragert na wenzake wawili, Kelin Wang na Thomas James, wakatoa maelezo: kule chini, eneo la mpaka wa mabamba lenye upana wa kilomita 50 na urefu wa kilomita 300 lilikuwa limeteleza kiasi cha sentimita mbili. Ukipiga hesabu, hilo ni sawa na tetemeko la ukubwa wa 6.7.

Hapo nilisimama kusoma, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Milimita nne! Mimi nikipata tofauti ya milimita nne kwenye bikoni ya Kitengela nafunga vifaa naenda kula. Hiyo ni tofauti ya kutupa. Wenzangu hawakuitupa kwa sababu vituo vyao havikupima mara moja vikaondoka. Vilipima pale pale, siku baada ya siku, kwa miaka, hata ile hali ya kawaida ikaandikika kama mstari, na mstari ulipopinda ukaonekana. Ukiichora michoro ya vituo hivyo kwa miaka mingi inatoka kama meno ya msumeno: panda taratibu, rudi kidogo, panda taratibu, rudi kidogo.

Nusu ya pili ya habari ilitoka ng'ambo ya bahari hiyohiyo, Japani, na chanzo chake ni msiba. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la Kobe liliua watu zaidi ya 6,000. Baada ya hapo nchi ile ikajaza vituo vya kupimia mitetemo kila pembe, vifaa vikateremshwa kwenye mashimo ya mita 100 na zaidi ili viwe mbali na kelele za juu. Mtandao huo unaitwa Hi-net. Kazushige Obara, akipitia kumbukumbu zake, akaona kitu ambacho kila mtu wa fani hiyo alikuwa amezoea kukiruka: mstari wa kipimo unanenepa polepole, unabaki mnene kwa dakika au saa nyingi, kisha unakonda. Hauna ile ncha kali ya mwanzo inayomwambia mtaalamu kwamba tetemeko limeanza sasa hivi. Unavuma tu. Ukiutazama kwenye kituo kimoja utasema ni upepo unapiga miti, au lori.

Malori nayajua. Saa nane usiku, trela la mawe likipita Outering, glasi kwenye kabati letu zinaanza kuimba, kwanza moja, halafu zote, halafu zinanyamaza moja moja. Ndiyo maana kituo cha kupimia mitetemo kikawekwa Kilima Mbogo, huko ng'ambo ya Thika, na si pale mzunguko wa Donholm. Ila Obara alikuwa na vituo vingi, na hapo ndipo ujanja ulipo: mstari ulinenepa kwa wakati mmoja kwenye vituo vilivyoachana kwa makumi ya kilomita. Lori haliwezi kupita Thika na Machakos kwa dakika moja. Alipotafuta chanzo, akakipata kiasi cha kilomita 30 chini, mbali na volkano yoyote, kimejipanga kama ukanda wa kilomita 600 kusini-magharibi mwa Japani, ukifuata sawasawa bamba la Bahari ya Ufilipino linavyozama. Hiyo ilikuwa mwaka 2002.

Mwaka uliofuata Garry Rogers na Dragert wakarudi kwenye kumbukumbu zao za Kanada. Kila mara vituo vya GPS vilipogeuza njia, takriban kila baada ya miezi 14, sismografu za hapohapo, vile vifaa vya kupimia mitetemo, zilikuwa zimejaa mvumo. Ulikuwemo kwenye kumbukumbu muda wote huo, umehesabiwa kuwa kelele.

Huu mvumo ni nini hasa? Jibu lililonipendeza ni la David Shelly, Gregory Beroza na Satoshi Ide, waliouchambua wa Japani na kuonyesha mwaka 2007 kwamba ni kundi la vitetemeko vidogo mno vya masafa ya chini, yaani vinavyotikisika taratibu, kimoja juu ya kingine juu ya kingine. Aliyelala chini ya mabati usiku wa mvua anaelewa bila kufundishwa. Tone moja unalisikia. Matone elfu huyasikii tena, unasikia mvua. Na mvua hiyo inatembea: huku ufa ukiendelea kuteleza, mvumo unahama kando ya mpaka wa mabamba kwa mwendo wa kilomita kama 10 kwa siku. Hiyo ni kutoka Umoja hadi mjini. Siku nzima! Hata Jogoo Road Ijumaa ya mwisho wa mwezi haijawahi kutufanyia hivyo, ingawa imejaribu.

Jambo jingine lilinifanya nimpigie simu mjomba wangu wa Kipini, ambaye amevua samaki maisha yake yote. Mvumo wa Cascadia hupanda na kushuka kwa mpigo wa saa 12 na dakika 25, ambao ni mpigo wa maji kujaa na kupwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikamweleza: mwamba ulio kilomita 30 chini ya ardhi unasikia bahari. Akakaa kimya kidogo, nikidhani amestaajabu.

"Kisima chetu cha msikitini kinasikia bamvua," akasema. "Maji yanapanda huko pwani, na kisimani yanapanda. Mwamba usisikie kwa nini?" Halafu: "Lakini mambo ya Kanada yanakuhusu nini wewe, na nyumba unayolala inapasuka?"

Sikuwa na jibu la swali la pili. Lile la kwanza ndilo lenye uhondo. Nguvu ya maji kujaa na kupwa, ukiilinganisha na uzito wa kilomita 30 za mwamba, ni unyoya juu ya gunia la mahindi. Kama unyoya unaweza kuongeza au kupunguza mvumo, basi ufa wenyewe hauna ukaidi wowote pale. Umebaki kidogo tu uteleze. Maelezo yanayokubalika zaidi ni maji. Bamba linalozama lilikaa chini ya bahari miaka mamilioni, na madini yake yamebeba maji ndani yake. Likishuka kwenye joto na mgandamizo, madini yanayaachia. Yakikosa pa kutokea, shinikizo lake linakua hadi linakaribia kuubeba mwamba wa juu, kama jeki inavyobeba matatu. Tairi bado zinagusa lami lakini hazina uzito tena, na ukilisukuma gari linasogea. Hapo ufa haufyatuki, unateleza.

Basi wengi huuliza, na mimi niliuliza: si vizuri basi? Ardhi ikilipa deni lake kidogo kidogo, si tunaponea? Kwa sehemu ile inayoteleza, ndiyo, deni linapungua. Shida ni sehemu ya juu yake, ile iliyo karibu na bahari, iliyogandana kweli kweli na haijasogea. Nenda Marikiti alfajiri utazame mkokoteni wa viazi unavyofungwa. Kamba imekazwa mbele, magunia yamepangwa hadi juu. Mkokoteni ukianza kwenda, magunia ya nyuma yanajiweka sawa, yanashuka kidogo, yanatulia. Yenyewe yamestarehe. Kamba ya mbele sasa ndiyo imekaza zaidi. Kila mtelezo wa polepole wa Cascadia unafanya hivyo kwa sehemu iliyogandana, ambayo mara ya mwisho ilifyatuka usiku wa tarehe 26 Januari 1700, kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 9. Tarehe hiyo tunaijua kwa sababu tsunami yake ilivuka Pasifiki ikafika Japani, na huko watu walikuwa wanaandika.

Lakini nisikutishe kupita kiasi. Mitelezo ya Cascadia imepita mingi tangu ianze kupimwa, na kamba haijakatika. Kule Guerrero, Meksiko, inakuja karibu kila miaka minne, mikubwa kuliko hiyo, inadumu miezi. Nyuzilandi inatokea karibu sana na sakafu ya bahari, na mwaka 2014 vifaa vilivyowekwa chini ya maji viliona sakafu ikinyanyuka kwa sentimita kadhaa. Kwa upande wa pili, kabla ya tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011, na kabla ya lile la Iquique, Chile, la tarehe 1 Aprili 2014, mitelezo ya polepole ilionekana kwenye mipaka hiyohiyo ya mabamba. Mtu anayesema amepata kengele ya kutabiri matetemeko anauza kitu. Kengele inayolia mara nyingi bila moto haiamshi mtu, ila mimi ningekuwa naishi huko ningependa iwepo anayeisikiliza.

Sisi Nairobi hatuko kwenye kanda la mzamo. Kwetu ni kinyume: Bonde la Ufa ni mahali bara linapoachana, milimita chache kwa mwaka. Kwa muda mrefu niliyasoma haya kama mtu anayesoma habari za theluji. Kisha nikakutana na habari za Julai 2007.

Mwezi huo nilikuwa kijana wa kushika fimbo za kupimia, naitwa ofisini gorofa ya tano mjini pale kazi inapopatikana. Jioni ya Jumanne tarehe 17 kiti kiliondoka chini yangu kwa pembeni, kama mtu amekivuta kwa mzaha. Kalamu zikabiringika. Halafu ngazi zikajaa. Aliyekuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, hakuwa na sababu ya kufikiria tetemeko kwanza. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ameshika viatu mkononi anarudia neno moja tu, bomu, bomu. Tulisimama barabarani hadi giza, tukitazama juu kana kwamba jengo lingetuaga kabla ya kuanguka. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa upande wa Tanzania, karibu na mlima Gelai kusini mwa Ziwa Natron, zaidi ya kilomita 150 kutoka tulipokuwa. Mitikisiko iliendelea siku nyingi. Septemba, Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, ukalipuka.

Mwaka 2008 Eric Calais na wenzake wakachapisha walichokiona kwa picha za rada za setilaiti, zinazoweza kulinganisha ardhi ya jana na ya leo. Kwanza ufa wa Gelai uliteleza polepole. Kuteleza kwake kukalegeza mwamba, na magma, ule mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza katika ule ulegevu, ikasimama kama ukuta wima chini ya ardhi. Na sehemu kubwa ya mnyumbuko wote wa ardhi, yaani kusogea na kuvutika kwake, uliotokea wakati huo ilitoka bila mtikisiko. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Vishindo vilivyotutoa ofisini, vilivyomvua yule mama viatu, vilikuwa chenji. Noti zenyewe zilipita kimya, na sisi tuliojaa barabarani tulikuwa tunahesabu sarafu.

Machi 2018 mtaro mkubwa ulipofunguka upande wa Suswa na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, dunia nzima ilitangaziwa kwamba Afrika inapasuka, na wanajiolojia wengi walikuwa wakisema ni mvua imekokota majivu ya zamani ya volkano. Picha ya mtaro ina watazamaji. Kuachana kwenyewe kwa bonde hakuna picha.

Januari, mwenye nyumba alitaka kuongeza kodi, na kabla ya kuongeza kodi hupakwa rangi. Nilirudi kutoka Ruai jioni nikamkuta keateka anaosha mwiko kwenye karai. Ufa umezibwa, umepigwa plasta, umepakwa rangi ya krimu. Nukta hakuna. Tarehe hakuna. Alikuwa amefurahi kweli, alidhani naja kumshukuru, na nikamshukuru. Sikuwa nimenakili. Miaka miwili ya vipimo ilibaki kwenye picha moja ya simu niliyompiga binti yetu siku ya kuzaliwa kwake, ambapo nyuma ya keki unaweza kusoma mistari minne, ile niliyoiandika hapo juu.

Wikendi hiyo nilichora nukta mpya mahali palepale. Mke wangu hakusema kitu, aliitazama rangi mpya tu. Binti, ambaye yuko gredi ya nne na amegundua kwamba rula yake ina milimita, amejitwalia kazi. Kila Jumapili anapanda kwenye stuli, anafumba jicho moja, anasoma. Plasta haijafunguka. Masika bado hayajaanza.

"Arobaini," aliniambia juzi. "Tena arobaini. Baba, haijasonga, sina cha kuandika."

"Andika tarehe," nikamwambia, "halafu andika arobaini."